Programu za slaidi zisizolipiwa: Tofauti ya kilicho bure na kilicho huru

MWANAFUNZI wa chuo kikuu amekesha siku tatu akiandaa slaidi za kutetea tasnifu yake. Asubuhi ya siku yenyewe anafika ukumbini, anachomeka flashi kwenye tarakilishi ya idara na kufungua faili. Loo! Herufi zimebadilika, jedwali limevuka ukingo wa slaidi na picha mbili zimelaliana. Watahini wanatazama saa.

Kwingineko, mwalimu wa shule ya upili anafungua kipakatalishi chake darasani na kulakiwa na ujumbe kwamba muda wa leseni ya programu yake umekwisha. Slaidi anaweza kuzisoma, lakini kusahihisha hata nukta moja haiwezekani hadi alipe.

Mikasa ya aina hii si migeni kwa watu ambao kazi yao huwalazimu kusimama mbele ya wenzao: walimu, wanafunzi, maafisa wa nyanjani, viongozi wa vikundi vya akina mama wanaoomba ufadhili na vijana wanaosaka mtaji. Wengi wao huamini kwamba njia ni mbili tu, yaani kununua programu ya kibiashara au kutumia nakala ya wizi.

Ipo njia ya tatu, tena halali na isiyogharimu hata senti. Hata hivyo, programu zisizolipiwa hazifanani. Zipo zinazotegemea mtandao na zisizoutegemea. Zipo zitakazobaki mikononi mwako daima na zipo ambazo mwenyewe anaweza kukunyima kesho. Makala haya yanafafanua tofauti hizo na kueleza namna ya kuchagua kulingana na mahali utakapozungumzia.

Chanzo cha PowerPoint

Programu iliyozoeleka zaidi katika kazi hii ni PowerPoint. Wengi hudhani ilibuniwa na Microsoft. La hasha! Ilibuniwa na Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought, na ikaanza kuuzwa mwaka wa 1987 kwa watumiaji wa tarakilishi za Macintosh. Mwaka uo huo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Toleo la Windows lilifuata mwaka wa 1990.

Kabla ya hapo, msemaji alitumia karatasi angavu za plastiki zilizomulikwa ukutani kwa taa maalumu, au picha ndogo za filamu zilizopangwa ndani ya projekta. Jina slaidi lilitokana na picha hizo.

Kwa miaka mingi mnunuzi wa PowerPoint alilipa mara moja tu, akaitumia hadi ilipochakaa. Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 2011 Microsoft ilipozindua huduma ya Office 365, ambayo hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Matoleo ya kulipiwa mara moja bado yapo, lakini mkazo sasa ni malipo ya mara kwa mara. Muda wa malipo ukikatika, programu iliyo kwenye tarakilishi yako hukuruhusu kusoma na kuchapisha faili zako, lakini hukunyima nafasi ya kuzihariri au kuunda mpya.

Kwa kampuni kubwa gharama hiyo ni sehemu ya bajeti. Kwa mwalimu anayejinunulia vifaa, au kikundi chenye tarakilishi moja, ni mzigo usiokwisha.

Hatari ya nakala za wizi

Hapa ndipo wengi hushawishika kumwendea fundi wa mtaani ambaye, kwa ada ndogo, huwawekea PowerPoint iliyovunjwa kufuli. Unafuu huo una hatari tatu.

Ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hulinda programu za tarakilishi pamoja na vitabu na maandishi mengine, na Bodi ya Hakimiliki Kenya ndiyo iliyopewa jukumu la kuisimamia. Shule au shirika linaloomba fedha za umma au za wafadhili hujiweka pabaya likipatikana na programu za magendo.

Ya pili ni ya usalama. Vifaa vya kuvunjia kufuli aghalabu humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza. Anayekubali sharti hilo amemfungulia mlango asiyemjua, na kwenye tarakilishi hiyo hiyo huenda kuna alama za wanafunzi, hesabu za chama na nywila za benki.

Ya tatu ni kwamba nakala hizo mara nyingi hazipati marekebisho ya kuziba nyufa za kiusalama. Fauka ya hayo, zinaweza kugoma siku yoyote, na hakuna wa kumlalamikia.

Bure na huru

Waingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa. Kiswahili kina maneno mawili, bure na huru, na tofauti yake ndiyo msingi wa mjadala huu.

Programu ya bure ni ile usiyoilipia. Mwenyewe bado ndiye anayeamua nani aitumie, kwa masharti gani na kwa muda gani. Anaweza kuweka matangazo, kupunguza huduma au kuanza kudai malipo.

Programu huru ni ile ambayo leseni yake inakupa haki nne: kuitumia kwa lengo lolote, kuchunguza maagizo yaliyoiunda na kuyabadilisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia nakala uliyoiboresha. Fikra hii ilienezwa na Mmarekani Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka wa 1983 na wakfu wa programu huru mwaka wa 1985.

Msomaji anaweza kuuliza haki hizo zinamfaa nini mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa maagizo ya tarakilishi. Jibu limo katika historia ya programu ya LibreOffice.

Mwaka wa 1985, kijana Mjerumani Marco Börries alianzisha kampuni ya StarDivision katika mji wa Lüneburg. Kampuni hiyo ndiyo iliyounda StarOffice, mkusanyiko wa programu za kuandika, kupiga hesabu na kuandaa slaidi. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua mwaka wa 1999, na mwaka uliofuata ikayaweka maagizo yake wazi kwa umma. Toleo la kwanza kamili la OpenOffice.org lilitolewa mwaka wa 2002.

Mwaka wa 2010 Sun nayo ikanunuliwa na Oracle. Watu wengi waliokuwa wakijitolea kuiendeleza OpenOffice.org waliingiwa na wasiwasi kuhusu mustakabali wake. Kwa kuwa programu ilikuwa huru, hawakuhitaji kumbembeleza yeyote. Septemba mwaka huo waliunda wakfu uitwao The Document Foundation, wakachukua maagizo yale yale na kuyaendeleza kwa jina jipya la LibreOffice. Toleo lao la kwanza lilitoka Januari 2011. OpenOffice yenyewe ilikabidhiwa wakfu wa Apache mwaka wa 2011, lakini LibreOffice ndiyo iliyoendelea kupata maboresho mengi.

Mtumiaji wa kawaida hakupoteza faili hata moja. Lau programu hiyo ingekuwa ya bure tu, hatima yake ingekuwa mikononi mwa mnunuzi peke yake.

LibreOffice Impress

Sehemu ya LibreOffice inayoandaa slaidi huitwa Impress. Hupatikana katika tovuti ya libreoffice.org kwa watumiaji wa Windows, macOS na Linux. Faili ya kuiweka kwenye Windows ina takriban megabaiti 350. Hutakiwi kujisajili wala kutoa nambari ya kadi. Tovuti hiyo huomba mchango, lakini mchango ni wa hiari. Jihadhari na tovuti bandia zinazotumia jina hilo na kudai malipo.

Kwa sababu leseni yake inaruhusu kugawa, mwalimu mmoja anaweza kuipakua mahali penye mtandao wa bei nafuu, akaihifadhi kwenye flashi na kuiweka katika kila tarakilishi ya shule bila kuvunja sheria yoyote. Tendo ambalo kwa programu ya kibiashara lingekuwa wizi, hapa ni haki iliyoandikwa.

Aliyezoea PowerPoint hatapotea. Kibonye cha F5 huanzisha onyesho, na ukishikilia Shift pamoja nacho onyesho huanzia kwenye slaidi uliyomo. Ukiunganisha projekta, hadhira huona slaidi ilhali wewe huona maelezo yako, slaidi inayofuata na saa. Chati, majedwali, video na miondoko ya maandishi vyote vimo. Aidha, hufungua na kuhifadhi faili za PowerPoint, na kwa kubonyeza mara moja hugeuza kazi yako kuwa PDF.

Ina kasoro pia. Mapambo yake ya awali si ya kuvutia sana. Michoro iliyoundwa kwa vifaa maalumu vya PowerPoint huweza kufunguka kama picha isiyoharirika kwa urahisi. Watu wawili walio mbali hawawezi kuhariri faili moja kwa pamoja bila mipango ya ziada. Vilevile, tangu toleo la 25.8 la mwaka wa 2025, LibreOffice huhitaji Windows 10 au toleo jipya zaidi.

Mwenye tarakilishi kuukuu anaweza kutumia mfumo huru wa Linux. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mifumo kama Ubuntu, ambayo aghalabu huja na LibreOffice tayari, huweza kuzirefushia mashine hizo maisha.

Mchango wa Kiswahili

Programu hizi si geni kwa lugha yetu. Mwishoni mwa mwaka wa 2004, mradi ulioitwa Kilinux, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kusaidiwa na Waswidi, ulizindua Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo mwaka uo huo ilitangaza mpango wa kuzitafsiri programu zake.

Uhuru wa leseni ndio uliowezesha kazi ya Dar es Salaam. Wataalamu wa chuo hawakusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kwamba soko la Waswahili lina faida. Walichukua programu, wakakubaliana kuhusu istilahi na kutafsiri.

Hadi leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Mwalimu wa somo hili anaweza kuichagua lugha hiyo kwa maandishi ya slaidi zake, na maneno yenye makosa yakapigiwa mstari. Kamusi hiyo haijakamilika, hasa kwa vitenzi vyenye viambishi vingi, lakini huokoa aibu ya kosa lililokuzwa ukutani mbele ya darasa zima.

ONLYOFFICE na Beamer

Impress haiko peke yake katika kundi la programu huru. ONLYOFFICE ina toleo la tarakilishi ambalo sura yake inakaribiana sana na ya PowerPoint, na hutumia umbo la faili la PPTX tangu mwanzo. Humfaa mtu anayelazimika kubadilishana faili na ofisi zinazotumia PowerPoint kila siku.

Kwa wanahisabati, wanafizikia na wahandisi, iko Beamer. Mwandishi wake, Till Tantau wa Ujerumani, aliiunda mwaka wa 2003 alipokuwa akijiandaa kutetea tasnifu yake ya uzamifu. Mtumiaji huandika maagizo ya LaTeX badala ya kuburura picha, na matokeo yake ni faili ya PDF ambayo milinganyo yake hukaa sawasawa. Kuijifunza huchukua muda, kwa hivyo usiianze wiki ya mtihani.

Huduma za bure mtandaoni

Kundi la pili ni la huduma zisizolipiwa lakini zisizo huru. Maarufu zaidi ni Google Slides, iliyozinduliwa mwaka wa 2007. Huhitaji akaunti ya Google, ambayo huja na nafasi ya gigabaiti 15 inayogawanywa baina ya baruapepe, picha na faili zako zote.

Fadhila yake kubwa ni ushirikiano. Wanakikundi watano walio Nairobi, Kisumu, Mombasa na Garissa wanaweza kuhariri slaidi zile zile kwa wakati mmoja. Kazi hujihifadhi yenyewe, na mtu akifuta kitu kimakosa, matoleo ya awali hupatikana. Fauka ya hayo, hutumika vyema kwenye rununu.

Udhaifu wake ni mtandao. Inaweza kutumika nje ya mtandao, lakini sharti uiandae mapema ukiwa bado umeunganishwa; anayekumbuka jambo hilo akiwa ukumbini amechelewa. Isitoshe, ukipoteza akaunti umepoteza kazi. Ndiyo maana ni busara kupakua nakala kila unapomaliza. Google Slides huruhusu kupakua kwa umbo la PPTX, la ODP au la PDF.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba PowerPoint yenyewe ina toleo la mtandaoni lisilolipiwa kwa mwenye akaunti ya Microsoft, pamoja na nafasi ya gigabaiti tano. Uwezo wake ni mdogo kuliko wa toleo kamili, lakini huonyesha faili za PPTX kwa uaminifu. Microsoft pia hutoa mpango usiolipiwa kwa taasisi za elimu zinazotimiza masharti yake, hivyo mkuu wa shule anafaa kuuliza kabla ya kulipa.

Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka wa 2013, husifika kwa mapambo. Toleo lake la bure lina violezo vingi, lakini baadhi ya picha na mapambo hulipiwa, na alama ndogo ya taji huvitambulisha. Walimu wa shule za msingi na za upili wanaotimiza vigezo huweza kupata toleo la elimu bila malipo.

WPS Office ya kampuni ya Kingsoft kutoka China nayo ina toleo la bure la tarakilishi na la rununu. Ni nyepesi na husoma PPTX vyema, ila huambatana na matangazo na baadhi ya huduma hulipiwa.

Kwa huduma zote zinazohifadhi kazi yako kwenye tarakilishi za wengine, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Slaidi zenye majina na alama za wanafunzi, picha za wagonjwa au nambari za vitambulisho vya wanachama hazifai kupakiwa popote pale bila kufikiri. Tumia programu iliyo kwenye tarakilishi yako mwenyewe kwa habari kama hizo, au uziondoe kabla ya kupakia.

Kwa nini slaidi huvurugika

Tumrudie mwanafunzi wetu. Aghalabu chanzo cha mkasa wake ni herufi. Faili ya slaidi kwa kawaida haibebi herufi zenyewe. Hubeba jina lake tu. Tarakilishi ya ukumbini ikikosa aina hiyo ya herufi, huweka nyingine. Ikiwa hiyo nyingine ni pana zaidi, mstari hurefuka, maneno husukumwa chini na jedwali hufurika.

Wataalamu wa programu huru waliliona tatizo hili zamani. Walitengeneza herufi zenye upana sawa na zile za kibiashara: Liberation Sans huchukua nafasi ya Arial, Liberation Serif nafasi ya Times New Roman, Carlito nafasi ya Calibri na Caladea nafasi ya Cambria. Zikiwapo, mistari haisogei.

Mwaka wa 2023 Microsoft ilitangaza kwamba Aptos ndiyo ingechukua nafasi ya Calibri kama herufi ya kawaida katika programu zake. Slaidi iliyoandikwa kwa Aptos huweza kuvurugika katika tarakilishi isiyo nayo, hata kama tarakilishi hiyo ina PowerPoint ya zamani. Suluhisho ni kutumia herufi za kawaida tangu mwanzo, au kuiagiza programu ibebe herufi ndani ya faili. Impress ina uwezo huo katika sifa za faili.

Chanzo cha pili ni umbo la faili. Umbo asilia la Impress ni ODP, sehemu ya kigezo kiitwacho OpenDocument kilichoidhinishwa na shirika la kimataifa la viwango, ISO, mwaka wa 2006. PPTX nayo ilipata idhini ya ISO mwaka wa 2008. Kila programu hulielewa vizuri zaidi umbo lake yenyewe. Kuihamisha faili huku na huku mara kumi baina ya maumbo hayo ni kualika kasoro. Fanya kazi kwa umbo moja hadi mwisho, kisha uigeuze mara moja tu.

Chanzo cha tatu ni upana wa slaidi. Programu za leo huandaa slaidi pana za uwiano wa 16 kwa 9, ilhali projekta nyingi za zamani ni za 4 kwa 3. Slaidi haitaharibika, lakini itapunguzwa na kuacha pengo juu na chini, na maandishi madogo yatakuwa madogo zaidi. Ulizia mapema, ubadilishe kipimo kabla ya kupanga picha.

Tazama ukumbi kabla ya programu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Programu zote hizi hulima. Linalotofautiana ni shamba.

Ikiwa unafundisha mahali pasipo na mtandao wa kutegemewa, tumia Impress na uweke kila kitu kwenye kipakatalishi chako. Video nayo ihifadhi humo humo. Usitegemee kiungo cha mtandaoni.

Ikiwa kazi ni ya kikundi na wanachama wametawanyika, andaeni kwa Google Slides, kisha mmoja wenu apakue nakala ya mwisho siku moja kabla ya mkutano.

Ikiwa mfadhili amekutumia kiolezo cha PowerPoint na kukutaka ukijaze na kukirudisha, tumia ONLYOFFICE au PowerPoint ya mtandaoni, kwani mapambo ya kiolezo hayataathirika sana.

Ikiwa kifaa chako ni rununu pekee, Google Slides au Collabora Office, iliyojengwa juu ya LibreOffice, zitakufaa. Andika maneno machache kwa kila slaidi, kwani kupanga majedwali makubwa kwenye kioo kidogo ni adhabu.

Ikiwa utatumia tarakilishi ya wenyeji usiyoijua, usifikirie programu kabisa. Beba PDF. Karibu kila tarakilishi huifungua, na ukihakikisha herufi zimo ndani yake, kila kitu hukaa ulipokiweka. Utapoteza miondoko na sauti, lakini hoja zako zitabaki.

Kuhama kwahitaji mafunzo

Taasisi inayotaka kuhama kutoka programu za kibiashara isidhani kwamba kuweka programu mpya kunatosha. Mji wa Munich nchini Ujerumani uliamua mwaka wa 2003 kuhamia Linux na programu huru, na kufikia mwaka wa 2013 ulikuwa umehamisha tarakilishi zipatazo 15,000. Hata hivyo, mwaka wa 2017 baraza lake lilipiga kura kurejea Windows, kufuatia malalamiko ya baadhi ya watumiaji na mabadiliko ya uongozi wa kisiasa.

Jimbo la Schleswig-Holstein nchini humo humo lilitangaza mwaka wa 2024 kwamba lingehamisha tarakilishi zipatazo 30,000 za serikali yake hadi LibreOffice. Jeshi la Italia nalo lilianza safari kama hiyo mwaka wa 2015, likilenga tarakilishi zipatazo 150,000.

Funzo kwa shule, kaunti au shirika la humu nchini ni kwamba gharama ya leseni ikiondoka, sehemu ya fedha hizo ielekezwe kwenye mafunzo. Waachieni watumishi programu ya zamani iliyo halali kwa muhula mmoja huku wakijifunza mpya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwanza hakikisha huo msala umekuja kukaa.

Siku moja kabla ya kuzungumza

Tahadhari kabla ya hatari. Kabla ya siku ya kuwasilisha, fanya mambo haya:

Fungua faili yako kwenye tarakilishi nyingine isiyo yako na uipitie slaidi baada ya slaidi.

Hifadhi nakala tatu: faili asilia unayoweza kuhariri, nakala ya PPTX na nakala ya PDF.

Ziweke kwenye flashi, na pia uzitume kwa baruapepe yako mwenyewe. Flashi hupotea na mtandao hukatika, lakini ni nadra vyote viwili kutokea saa moja.

Uliza kuhusu projekta: uwiano wake, aina ya waya unaohitajika na iwapo kuna spika.

Chapisha muhtasari wa ukurasa mmoja. Umeme ukipotea, utaendelea kuzungumza.

Mwanafunzi aliyekesha siku tatu hakushindwa kwa kukosa fedha za PowerPoint. Huenda hata alikuwa nayo. Alishindwa kwa kuwa kazi yake ilitegemea kitu ambacho hakikuwepo pale alipokihitaji: herufi fulani katika tarakilishi ya wengine. Mwalimu naye alikwama kwa kutegemea leseni ambayo mwenyewe aliweza kuifunga.

Kwa hivyo, unapochagua programu ya slaidi, bei iwe swali la pili. La kwanza liwe hili: je, malipo yakikatika, mtandao ukipotea au kampuni ikiuzwa, nitaweza bado kuifungua kazi yangu na kuirekebisha? Programu inayokuwezesha kujibu ndiyo, na faili uliyoihifadhi kwa umbo linalosomwa na wengi, ndizo mali yako halisi.